Chumba Kilichokatazwa Matusi

Mzee wa kazi za shaba ukimwomba akusimulie maisha yake, atakupa kwanza namba yake. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimefuta ubao na kupanga viti kwa duara kama tulivyofundishwa. Nikasimama mbele ya wazee, nikawaambia, "Kila mutu ataeleza kitu moja ya maisha yake." Wa kwanza akainuka, akavua kofia, akanyoosha mgongo. Akataja namba yake ya kazini, jina la baba yake, jina la chifu, kijiji, mke mmoja, watoto sita, hana ugonjwa. Akakaa. Wa pili akainuka, akavua kofia.

Walipomaliza wote, karatasi yangu ilikuwa imejaa na sikuwa na hadithi hata moja. Baadaye nilikuja kujua kwamba yule wa mke mmoja alikuwa na wawili, na yule asiye na ugonjwa alikuwa akikohoa tangu kabla sijazaliwa. Hawakunidanganya kwa ubaya. Maishani mwao kila aliyekaa mbele yao na kalamu akawauliza habari zao alikuwa ni kampuni au ni Serikali, na mtu wa namna hiyo hupewa kile kinachotosha akuache urudi nyumbani. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya kuwakusanya wazee wasimulie na kuandika, kumbukeni hilo kabla hamjachomoa kalamu.

Mimi nilikuwa animatrice, mwongozaji wa vikundi, katika foyer moja, nyumba ya mafunzo, ya Lubumbashi, nyakati zile shaba ilipokuwa ya Serikali, chama kilipokuwa kimoja, na kila mtu alipoitwa Citoyen, yaani raia, hata akiwa amelewa. Wastaafu na wajane walikuja kwangu kila Jumanne na Ijumaa. Anayejua kuandika aliandika, asiyejua alisema na mimi nikaandika. Nyumbani kwetu ni Kamalondo, baba alikuwa fundi cherehani, na watu wetu walitoka Maniema na dini yao na kanzu zao. Kwetu mtoto akimwita mtu mzima jina la mnyama alilala bila kula. Nawaambia hili mapema kwa sababu ndilo lililonipoteza njia.

Kuna mwaka tulipewa mashine ya kunasa sauti. Mkurugenzi aliileta mwenyewe, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Nikaiweka mezani, nikabonyeza, nikamwambia mzee aliyekuwa karibu, "Baba, sema hadithi yako." Akasogea, akasafisha koo.

"Miye niko hapa Lubumbashi, niko muzima," akasema. "Nasalimia mukubwa yangu wa Likasi. Nasalimia shemeji wa Kipushi na bibi yake. Nasalimia bale ba Kolwezi bote, basikuwe na mawazo juu yangu."

Wenzake wakapanga mstari nyuma yake. Betri ziliisha tukiwa bado Kolwezi. Mashine pekee ya sauti waliyoijua ilikuwa redio, na kazi ya redio ilikuwa salamu. Tangu siku ile kila nilipopata chombo kipya niliwaacha wasalimu mpaka waishiwe na ndugu, kisha tukaanza. Wekeni betri za akiba.

Aliyenifundisha kazi si yule bwana aliyetufundisha kupanga viti kwa duara. Ni Mama Kabedi, aliyefundisha kushona katika chumba cha jirani. Alinichungulia dirishani kwa majuma. Siku moja akaingia na beseni la karanga zenye maganda, akaliweka katikati ya wazee wangu.

"Mukono ikikaa bule, kinywa inaogopa," akasema, akatoka.

Walipoanza kumenya, maneno yalianza kutoka bila kuitwa. Mtu anayetazama karanga hamtazami anayemsikiliza, basi anasema. Mwingine atasimulia mpaka mwisho akidhani anazungumza na ganda. Niliagiza karanga kila mwezi chini ya neno "chaki", maana chaki ndiyo iliyokuwa na fungu lake, na mkurugenzi akawa anawaambia wageni kwamba wazee wetu wanaandika sana.

Msiulize mwaka. Ukiuliza mwaka, mzee anarudi kwenye namba yake. Uliza nani alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa zamu wakati huo, nani alikuwa na baiskeli peke yake kambini, mvua ile iliyobomoa choo ilikuwa kabla au baada. Tena msihangaike na majina. Siku zetu majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, na mzee akifika kwenye jina la rafiki yake Yosefu alisita, akatazama mlango, akasema, "Ule mwenzangu, ule wa jina ya seremala wa mu Biblia." Mimi niliandika "rafiki" tu. Mimi mwenyewe, Zubeda, nilikuwa Feza kwenye kadi ya chama, na kuna wazee waliokufa wakinijua kwa hilo tu.

Sasa niwape habari ya Mama Musonda, kwa sababu mengine yote niliyojua ya maana kuhusu kazi hii yametoka kwake na kwa mzee mmoja, Mwape.

Mama Musonda alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa wenyeji wa hapa hapa, Mulamba kwa kabila, muuza mboga. Alikuja kwangu akiwa na shauri lake na hakulificha. Mume wake, Kunda, alikufa kazini akiwa bado kijana, kwenye tanuru la kuyeyushia shaba, wakati wa Wabelgiji. Mama Musonda aliletewa sanduku lililokwisha kupigiliwa misumari, wakazika. Mambo mawili yalimkaa kooni. Kunda alikuwa mwembamba, lakini sanduku lile lilibebwa na wanaume wanane wenye nguvu, na walilitua njiani mara kwa mara wapumzike. Tena Mwape, rafiki wa Kunda wa zamu moja, mtu ambaye kinywa chake hakikuwa na mlango, alisimama kaburini bila kusema neno, kisha akaomba kazi Kipushi, akahama.

Halafu mchuuzi mmoja wa mpakani akaleta maneno. Alisema amemwona Kunda ng'ambo, amenenepa, ana mke mwingine na duka.

Hapo ndipo palipomuumiza. Mke aliyefiwa ni mjane. Ananyolewa nywele, anafanyiwa kilio, watu wanalala kwake, siku zikitimia wanamwachilia, na kesho yake anaanza upya. Lakini mke ambaye mumewe amezikisha mawe na kukimbia ni kitu gani? Mama Musonda alikataa kunyolewa. Alimlea mtoto wao peke yake, akawafukuza wanaume waliokuja kumposa, na kila jioni, alivyotuambia mwenyewe, alimlaani Kunda kwa jina. Alifanya hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe, na bado hakuwa na hakika.

"Kama alikufa, basi niko namulaani marehemu," alituambia. "Kama iko muzima, niko mupumbavu mwenye kungojea. Minataka tu kujua niko bibi wa namna gani mbele ya kufa."

Alikuwa amesikia kwamba Mwape amestaafu, amerudi Lubumbashi, na anakuja kwangu Jumanne na Ijumaa. Kwa hiyo akaja.

Baba Mwape alikuwa mfupi, mnene, mwenye kupiga mluzi hata akimsikiliza mtu. Siku Mama Musonda alipoingia mlangoni, mluzi ulikatika. Alimtazama kidogo. Kisha akasimama.

"Eh, weye Mbuzi," akasema. "Hawajakuchinja bado?"

"Nani atanichinja? Weye?" akajibu mama bila kupepesa. "Chui ya meno ya kuazima."

Chumba kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Wala hakucheka mkurugenzi wetu, ambaye alikuwa akipita kwenye korido na mgeni wa chama, akasikia mstaafu wa kampuni akimwita mama mzima mbuzi mbele ya picha ya Rais. Kabla ya saa sita palikuwa na karatasi ukutani, imebandikwa chini kabisa ya picha ile, herufi kubwa: HUMU NDANI NI HESHIMA. MATUSI NI MARUFUKU.

Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Nikaisoma karatasi kwa sauti mwanzoni mwa kila kipindi, na mtu akiteleza nilimnyooshea kidole ukutani. Wazee ni watu wa kutii karatasi. Baba Mwape alianza kuja amefunga vifungo vyote vya abacost yake, lile koti la nyakati za chama. Aliinama akisema, "Bonjour, mama citoyenne," naye Mama Musonda alijibu, "Bonjour, baba citoyen," wakakaa mbalimbali. Chumba changu kikawa na adabu kama posta. Kila mtu alimshukuru kila mtu kwa hadithi yake nzuri, na hadithi zenyewe zilikuwa hivi: kazi ilikuwa ngumu lakini tuliipenda, wakubwa walikuwa wakali lakini walitufundisha, asante. Mkurugenzi alizisoma akafurahi. Hata mimi nilifurahi kwa muda, kwa sababu hati zilikuwa safi.

Mama Musonda aliuliza kwa adabu, maana ndivyo ilivyotakiwa.

"Baba Mwape, mu ile sanduku mulikuwa nini?"

"Mulikuwa bwana yako, mama."

"Basi juu ya nini ilikuwa nzito vile?"

"Mbao ilikuwa ya uzito, mama."

Kisha macho ya Mwape yanashuka kwenye karanga, na anamenya kwa haraka mno mpaka mbegu zinavunjika. Mama Musonda aliuliza tena majuma yaliyofuata, akapewa majibu yaleyale kwa maneno yaleyale. Siku moja alinigeukia mimi. "Anasema sawa na ofisi," akasema, nami nikamwomba asimdharau mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu.

Ijumaa moja, katikati ya kipindi, alichukua kikapu chake akatoka. Nikamfuata mpaka getini, maana mtu akiondoka bila kuaga huwa kuna jambo.

"Mama, nani amekukosea?"

"Weye," akasema.

Alikitua kikapu. Aliongea polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni.

"Kunda alikuwa mwana wa Mbuzi. Njo ukoo yake, na miye bibi yake nahesabiwa mule. Mwape ni mwana wa Chui. Unajua chui na mbuzi banaishi namna gani?"

"Chui anakula mbuzi."

"Njo bunungwe. Chui anamutukana Mbuzi, Mbuzi anamutukana Chui, hakuna kukasirika, hakuna kushitakiana. Anaweza kuingia mu nyumba yako, anabeba kuku, unacheka. Na siku unakufa, ni munungwe wako njo anakuzika. Yee njo anajua namna ulikufa, yee njo anasema yote yenye bandugu hawawezi kusema. Lakini anasema mu matusi tu. Bila matusi, ile maneno ni ya haya, mutu muzima hawezi kumuambia mujane. Umesikia? Mi nilitembea kwa miguu kuja kutukanwa hapa. Ile siku ya kwanza alianza. Sasa ananiita citoyenne."

Kwa watu wetu wa Maniema utani nao upo, hilo si geni. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa msikiti na wa adabu, hakutaka watani wake wavuke kizingiti, nami nilikua nikidhani utani ni mzaha wa harusini, watu wanapokonyana sahani. Sikujua kwamba kuna mambo yanayoweza kupita kwenye mlango huo tu. Pale getini niliona aibu, kisha nikakasirika, kwa sababu aibu ni ngumu kukaa nayo.

"Rudi Jumanne," nikamwambia.

"Ile karatasi itakuwa imetoka?"

Hapo palikuwa na tatizo. Nyakati zile mtu aliyeonekana akibandua kitu ukutani karibu na picha ya Rais aliulizwa alikuwa anataka kubandua nini hasa, na kujibu kulichukua muda. Niliisoma karatasi ile mara nyingi kuliko kawaida mwisho wa juma lile, nikagundua nilichokuwa nimekisoma kwa sauti kila kipindi bila kukisikia. Ilisema humu ndani. Jumanne nikatoa viti vyote nje, nikavipanga barazani upande wa jiko la foyer, nikaweka beseni la karanga katikati. Mkurugenzi alipouliza, nilimjibu kwamba ndani kuna joto. Ilikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita Lubumbashi watu huvaa makoti.

Nikawaambia wazee, "Karatasi iko mule ndani. Hapa ni nje." Hakuna aliyecheka. Baba Mwape alifungua kifungo cha juu cha abacost, halafu akakifunga tena.

Wakamenya. Mama Musonda akasema bila kuinua kichwa:

"Chui ikizeeka inakulaka kalanga."

Baba Mwape akachukua karanga nyingine.

"Chui gani hii. Ilimuona mbuzi anazikwa, hata kulia haikulia, hata kucheka haikucheka. Ikakimbia Kipushi na mukia mu miguu."

"Mbuzi anapiga kelele sababu kamba imekatika," akasema Mwape. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kamba yangu ulizika weye, mwizi. Ulizika mawe. Bwana yangu alikuwa mwembamba sawa fito, na miye naona bantu munane banatoka jasho. Mbuzi gani inabebwa na bantu munane? Sema. Ao mulimuuza?"

Mwape aliweka chini karanga aliyokuwa ameshika. Aliinua uso, na nikaona kwamba macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu mwenye homa, lakini kinywa kilikuwa kinacheka.

"Mbuzi yenu ilikuwa muroho," akasema. "Mbuzi anakulaka kila kitu, anakula nguo, anakula karatasi. Yee akaona kula nguo haitoshi. Akaenda kunywa shaba."

Mikono yote ikasimama.

"Tulikuwa juu, kwenye ile njia ya chuma. Chungu ya moto ilikuwa chini yetu, imejaa. Miye nilimuambia, weye Mbuzi, tembea muzuri. Akanijibu, Chui, angalia mukia yako. Akateleza. Akaingia mule na nguo yake, na kofia yake, na deni ya tumbako yangu. Akakunywa yote. Ni nani anakunywaka shaba ya zamu muzima? Ni Mbuzi tu."

Mama Musonda alikuwa amefungua kinywa. Kutoka ndani kilitoka kicheko, cha chini, kikavu, kikarudi tena. Wanawake wawili watatu wakacheka naye kwa sababu hairuhusiwi kumwacha mtu acheke peke yake mahali kama hapo. Mwape alikuwa anacheka na kutetemeka mabega.

"Mukubwa wa kazi akatuambia, wekeni nguo zake zingine mu sanduku, itatosha. Tukasema hapana. Tukangojea chungu ipoe. Tukamuambia Kunda, achilia shaba ya benyewe, wewe mwizi. Akakatala. Basi tukakata ile kipande ya pale aliingilia, na eko mule ndani, tukamuzika nayo. Miye nilikuwa nabeba upande wa kichwa. Mpaka leo hii bega inaniuma juu ya mbuzi yako."

Kicheko kikaisha chenyewe. Mama Musonda alipouliza tena, aliuliza kwa sauti ya kawaida, naye Mwape akamjibu kwa sauti ya kawaida.

"Yee yote alikuwa mule?"

"Yote yenye ilibakia. Hatukuweza kumutenga na ile shaba, mama. Ilikuwa kitu moja."

"Na weye ulinyamaza pale kaburi."

"Ulikuwa na mimba. Kama ningefungua kinywa kukutukana, maneno ingekuwa ile tu. Sikuwa na ingine. Nikaona heri nikwende mbali."

Sasa, vijana, niwaambie la kazi. Jambo kama hilo likitoka, usiandike. Weka kalamu chini, mahali wote wanapoiona. Usiulize swali, usiseme pole, usitoe leso. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu bado, na Mama Kabedi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni sijui tangu lini, alikuja akaichukua mkononi mwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Tukaendelea kumenya mpaka beseni likaisha. Mama Musonda aliondoka na kikapu chake, safari hii akaaga.

Ijumaa alikuja na wembe.

Aliuweka juu ya kiti changu, akakaa sakafuni barazani, akavua kitambaa. Alisema ndugu zake Kunda, wenye kazi ya kumnyoa mjane, walikwisha kufa wote, na mtoto wake alikuwa kazini Kolwezi, basi wanawake wa hapa wamnyoe. Wakamnyoa. Nywele nyeupe zilikusanywa kwenye kanga, na Baba Mwape alikuwa akizunguka akiuliza kwa sauti kama kuna mtu anayenunua sufu ya mbuzi mzee. Mkurugenzi alitokea kwenye korido, akasimama, akatutazama. Nilimwona akisoma hali, akitafuta karatasi yake inasemaje juu ya kunyoa. Kisha akarudi ofisini na kufunga mlango polepole. Hakuwa mtu mbaya, na siku ile nilimpenda.

Jumanne tulikwenda makaburini. Kwenye daftari la foyer niliandika kwamba ni matembezi ya mafunzo. Makaburi ya wafanyakazi wa zamani yalikuwa yameota majani marefu, misalaba mingi imeliwa na mchwa, lakini Mwape alikwenda moja kwa moja kama mtu anayekwenda choo cha nyumba yake. Akasimama, akapiga ardhi kwa kisigino. "Ni hapa," akasema. "Udongo imetitia. Hii haikuwa mutu mwepesi."

Kisha akajiweka sawa, akavuta koti, akaanza kazi yake ambayo alikuwa amechelewa kuifanya.

"Kunda. Weye Mbuzi. Mwizi wa shaba. Umelala hapa na mali ya bantu, haya haiko. Serikali imebadilika, pesa imebadilika, majina imebadilika, weye unalala tu. Bantu munane balivunjika mugongo juu yako, hata aksanti haukutoa. Tumbako yangu iko wapi? Ulisema utanirudishia kesho. Mukia yangu niliangalia, unaona, niko hapa. Yako ulishindwa kuiangalia."

Wanawake walicheka kama inavyotakiwa, na Mama Musonda alicheka kuliko wote, kichwa kikimetameta juani, akimrudishia Chui matusi kwa niaba ya mumewe kwa sababu Mbuzi mwenyewe hakuweza kujibu. Mimi nilisimama kando. Kwetu kaburini mtu husoma dua kwa sauti ya chini, basi nikasoma yangu moyoni, sikujua mikono niiweke wapi. Mwape aliendelea mpaka jasho likamtoka na pumzi ikaanza kumkatika. Alifuta uso.

"Bibi yako alikulaani," akasema. "Kila mangaribi alikulaani, na alikuwa na haki, sababu hakuna mutu alimuambia mahali uko. Sasa amejua. Niko namuleta. Muangalie, amezeeka, amekuwa mubaya sawa weye. Ni bibi yako."

Mama Musonda alikaa chini, akaweka kiganja juu ya udongo, na kilio kikamtoka, kile cha mke kijana aliyeletewa habari asubuhi hii, na jina la Kunda ndani yake. Siku ya maziko hakulia, alikuwa anahesabu wabebaji. Mwape akavua kofia. Hakuna aliyemwambia mama anyamaze. Jua lilikuwa bado juu, na hatukuwa na mahali pengine pa kwenda, tukakaa kwenye majani kumzunguka, tukamngoja amalize.